Jua la Saa Saba na Friji la Bibi Nyamizi

Wanangu mnaoshika bisibisi leo, mnaniamkia shikamoo nikipita pale Buzuruga, halafu nikishawapa mgongo nasikia mnaulizana kama kweli bibi yule alikuwa anapanda mapaa. Ni kweli. Nimepanda mapaa ya Mwanza na vijiji vya ufukweni kwa zaidi ya miaka ishirini, mwanzoni kwa gauni, baadaye kwa suruali, baada ya upepo wa ziwa kuniaibisha mbele ya kwaya nzima ya akina mama. Kilichonistaafisha ni goti la kushoto. Sasa nakaa Butimba, nafuga kuku, na mmeniomba niandike mambo ya kazi. Haya, naandika. Ila naandika jinsi yanavyonijia, na hayanijii kwa mpangilio. Mwenye kutaka mpangilio arudi kwenye madaftari yake ya chuo.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Paneli ya sola inapokea jua lote lile, na inachokurudishia kama umeme ni sehemu ndogo tu. Wako wasomi wanaoumiza vichwa maabarani ili sehemu hiyo iongezeke kidogo, na Mungu awabariki, kwa sababu paneli mnazofunga leo zinatoa umeme mwingi kuliko zile nilizoanza nazo, ukubwa ukiwa uleule. Sisi wa juu ya bati hatuwezi kuibadili seli iliyo ndani ya kioo. Tunachoweza ni kutokupoteza kile ambacho wenzetu wamekihangaikia. Na kukipoteza ni rahisi sana, nitawaeleza nilivyokipoteza mimi.

Aliyenifundisha ni Fundi Mashauri, ambaye alikuwa fundi redio pale Mirongo kabla sola haijaingia mjini. Mtu mfupi, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba. Siku ya kwanza hakunipa kitabu. Aliweka paneli juani nyuma ya kibanda chake, akaunganisha mita, akaniambia nisome. Nikasoma. Akachukua kiberiti, akakilaza juu ya seli moja tu, akaniambia nisome tena. Mwanangu, umeme ulikuwa umeanguka vibaya! Nikadhani mita imeharibika.

"Haijaharibika," akasema. "Hizi seli zimeshikana mikono kwenye mstari, zinapokezana ndoo za maji. Mmoja akikaa chini, wote wanasubiri."

Tangu siku hiyo sijawahi kupita chini ya paneli bila kutafuta kivuli: tawi la mpapai, waya wa nguo, antena, kinyesi cha mnandi, yule ndege mweusi wa ziwani. Paneli za siku hizi zimegawanywa ndani kwa njia mbalimbali ili kivuli kidogo kisiangushe zote, na nyinyi mnaniambia, "Mama, hizi za kisasa hazina shida hiyo." Zina shida hiyo, ila imepungua. Pandeni mkaangalie.

Mashauri naye alikosea, tena hadharani. Kitabu cha maelekezo kilichokuja na paneli za shule moja ya msingi kilisema zielekezwe kusini, na yeye akazielekeza kusini, zote. Mwezi ukapita ndipo akang'amua kwamba aliyeandika kitabu kile anaishi Ulaya, ambako jua linakaa upande wao wa kusini, na sisi hapa tuko chini kidogo ya ikweta. Hasara ilikuwa ndogo, kwa sababu hapa kwetu jua linapita karibu na utosi na mwinamo wenyewe haukuwa mkali. Hakuna mtu aliyelalamika. Mwalimu mkuu hakujua hata kaskazini iko wapi. Lakini Mashauri alirudi siku ya Jumamosi, akazifungua zote, akazigeuza moja moja, na mimi nikimshikia ngazi huku nikinung'unika kwamba nakosa harusi ya binamu yangu. Mwalimu mkuu alipouliza kuna nini, alijibu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Nilikosea, mwalimu, nimekuja kurekebisha." Niliona aibu kwa niaba yake. Nilikuwa kijana.

Basi kosa langu la kwanza. Nilimfungia mama mmoja wa saluni paneli juu ya bati, nikaibana kabisa, bila nafasi hata ya kupitisha kidole, nikaona nimefanya kazi nadhifu. Wiki haijaisha mama wa saluni akaja kibandani, mikono kiunoni. "Wewe Anasta, sola yako ni ya asubuhi tu. Ikifika mchana, mashine inazunguka kama inaumwa." Nikabisha. Nikamwambia mchana ndipo jua lilipo kali, kwa hiyo haiwezekani. Mashauri alivaa kofia yake, akaenda, akapanda, akaingiza mgongo wa kiganja chake ubavuni mwa paneli, namna mama anavyompapasa mtoto shingoni.

"Ina homa," akasema. "Bati linaunguza chini, jua linaunguza juu. Umeiweka kikaangoni."

Ndipo nikajifunza jambo ambalo wateja wengi hawaliamini mpaka leo: paneli inataka mwanga, haitaki joto. Seli ikichemka, nguvu yake inapungua. Tuliiinua paneli ile kwa vyuma, kiasi cha kiganja kilichosimama, upepo ukapita chini yake, na mama wa saluni akanisamehe kwa kunisuka bure. Kuanzia hapo nikawa mhubiri wa joto. Kila nyumba niliyofunga sola, kabla sijakusanya vifaa, niliita watu wote na kuwahubiria: paneli haipendi joto, paneli haipendi joto. Shikeni neno hilo hapo, kwa sababu ndilo lililotaka kuangamiza kitu chema kuliko vyote nilivyowahi kufunga.

Kitu hicho kilikuwa friji la chanjo. Kampuni iliyokuwa imeniajiri wakati huo ilipewa kazi ya kufunga mafriji ya sola kwenye zahanati ambazo nguzo za umeme zilikuwa hazijafika. Mojawapo ilikuwa kijijini, ng'ambo ya ziwa. Kijiji sikitaji, watu wake wananijua na watacheka. Kabla ya friji lile, mama aliyejifungua pale alimfunga mtoto mgongoni, akapanda mtumbwi wa injini kwenda kutafuta chanjo upande wa pili, na upepo ukichafuka alirudi nyumbani bila chanjo, akasubiri mwezi mwingine. Wengine hawakurudi tena kujaribu.

Friji lenyewe halikuwa na betri. Mchana linakula umeme wa jua moja kwa moja na kugandisha barafu iliyo kwenye kuta zake, na barafu hiyo ndiyo inayolinda chanjo mpaka jua la kesho. Kwa hiyo kila saa ya jua ina kazi. Ukipoteza jua la mchana leo, barafu inakuwa nyembamba, na ukipoteza kila siku, siku ya mawingu itakukuta huna akiba.

Muuguzi wa pale aliitwa Skola, binti wa Kikerewe, mchapakazi, mwenye kicheko cha kusikika mpaka mwaloni kunakotia mitumbwi. Alikuwa peke yake na wagonjwa wote. Msaidizi wake alikuwa Bibi Nyamizi, mhudumu wa usafi, aliyekuwa akilipwa kidogo na kamati ya kijiji. Mwembamba, mrefu, mgongo umenyooka, hajui kusoma, na hakuna kitu kwenye zahanati ile kilichompita macho. Friji lilipoingia mlangoni alilizunguka mara mbili. Kisha akaniuliza, "Mayu, hili linataka nini ili lisife?" Mayu ni mama kwa Kisukuma, na yeye alikuwa na umri wa kunizaa. Nikampenda papo hapo.

Nikamjibu, "Paneli tu, bibi. Mzitunze kama mnavyotunza vitu vyenu vya ndani."

Paneli nilizifunga nyuma ya jengo, kwenye fremu fupi juu ya mwamba bapa, kwa sababu paa lilikuwa bovu. Mwezi wa kwanza kila kitu kilikwenda vizuri. Mwezi wa pili nikarudi kukagua. Nikakuta paneli zinang'aa kuliko sufuria za harusi. Mnajua wale wadudu wa ziwani wanaoinuka majini kama moshi na kuja kufia kwenye kila kitu? Bibi Nyamizi alikuwa anawapangusa kila alfajiri kwa kitambaa laini na maji matupu, kioo kikiwa bado cha baridi. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, na nyinyi mnaomwaga maji ya baridi kwenye paneli saa sita mchana, au mnaosugua kwa sabuni ya unga na mchanga, mngekwenda kwake kusoma. Nikamsifu. Nikaingiza mgongo wa kiganja chini ya paneli, nikaona moto, na mahubiri yakanitoka kama kawaida. "Bibi, paneli haipendi joto. Joto linaipunguzia nguvu." Skola akaitikia kwa kichwa. Bibi Nyamizi akaitikia kwa kichwa. Nikapanda kivuko, nikarudi zangu mjini, nimeridhika kabisa.

Baada ya wiki tatu Skola akapiga simu. Kipimajoto kilikuwa kinapanda. Nikampigia simu siku moja kabla, kumwambia nakuja, nikaenda, nikapima: umeme mzuri, waya zimekaza, viungo safi. Nikaondoka. Kikapanda tena. Nikapiga simu, nikaenda tena, nikabadili kidhibiti cha umeme, nikapima: vizuri kabisa. Nikaondoka. Safari hiyo zikaja siku mbili za mawingu, kipimajoto kikavuka mpaka wake, na Skola akalazimika kuzitoa chanjo zote zikaharibiwe. Aliponipigia simu hakuwa anacheka. Alisema, "Da Anasta, afisa wa chanjo amesema joto likipanda mara moja zaidi, friji linahamishwa, linapelekwa kijiji kingine ambako litatunzwa. Akina mama warudi kwenye mtumbwi?"  

Nilikwenda kwa Mashauri. Alikuwa amestaafu, anakaa uani kwake Mirongo akirekebisha redio za majirani ili mikono isisahau. Nikamweleza yote. Aliniuliza swali moja tu.

"Ukienda, unapiga simu kwanza?"

"Sasa niende bila kuaga, kama sina adabu?"

"Mgonjwa wako anapona kila ukifika. Wewe unakwenda kama mgeni, Anasta. Nenda kama mwizi. Na ufike mchana."

Nilikasirika kidogo, kwa sababu kwetu mtu haendi kazini kwa watu akiwavizia. Lakini kesho yake nikavuka bila kumwambia mtu. Kivuko kilichelewa, nikafika kijijini saa saba hivi, jua likiwa utosini. Sikuingia mlango wa mbele. Nikazunguka jengo, nikapita kwenye majani, nikatokea nyuma kwenye mwamba.

Paneli zangu zilikuwa zimevaa. Kila moja ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, vile mnavyoviona kwenye televisheni na viti vya sebuleni: maua katikati, pindo la bluu, na pembe nne zimefungwa vizuri kwa tepe ili upepo usivichukue. Vilikuwa vizuri mno. Mtu alikuwa amevifuma kwa kipimo cha paneli, si vya meza vilivyoazimwa. Jua lilikuwa linapenya kwenye matundu ya uzi, vidoa vidoa, kiasi cha kuliacha friji lipumue tu, lisife upesi tukajua, wala lisiishi.

Nilicheka kwanza. Lazima niseme ukweli, nilicheka hadi nikashika fremu. Kisha Bibi Nyamizi akatokea na ndoo, akaniona, akashtuka, akaja mbio kuvifungua.

"Mayu, mbona hukusema unakuja? Ningezifunua uzikute tayari."

"Bibi, nani alisema zifunikwe?"

Akanitazama kama mtu anayedhani anapimwa. "Si wewe? Ulisema paneri haipendi joto. Joto likianza nazifunika, jua likipoa nazifunua. Nimefuma wiki mbili nzima. Ukija nazitoa mapema, maana fundi hawezi kutibu mtu aliyevaa."

Skola alikuwa ametokea mlango wa nyuma, naye akasema, "Da Anasta, sisi tulijua ni agizo lako. Hata mimi nilikuwa namkumbusha, bibi, saa sita hiyo."

Kicheko kikaniisha. Wanangu, nimewahi kuanguka kutoka kwenye paa, nimewahi kupigwa na umeme, lakini sijawahi kuumia kama nilivyoumia pale kwenye mwamba. Yule mama alikuwa amenisikiliza kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kuwa naye. Alikuwa amefanya nilichosema, chote, kwa uzi alionunua mwenyewe. Nilichokuwa sijamwambia ni nusu ya pili: kwamba joto na mwanga vinakuja pamoja, na kwamba huwezi kulikimbia joto kwa kuuzuia mwanga. Nilihubiri joto kila nyumba kwa miaka, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza mtu hata mmoja, "Sasa utafanyaje?"

Nilimpa mita aishike mwenyewe. Nikamwambia afungue kitambaa kimoja taratibu. Hakujua kusoma namba, lakini mita yangu ile ya zamani ilikuwa ya mshale, na mshale kila mtu anausoma. Ukapanda. Akafunika, ukashuka. Akafungua tena. Nilimwona anaelewa, nikatamani asielewe haraka hivyo.

"Kwa hiyo dawa za watoto zilizomwagwa," akasema, "ni mimi."

"Hapana, bibi. Ni mimi."

"Mikono iliyofunika ni hii."

"Na mdomo uliosema ni huu. Mikono ilifanya ilivyoambiwa."

Tukakaa chini kwenye mwamba, na mwamba ukatuunguza makalio wote watatu, tukaruka. Hapo nikaona kosa langu lingine. Jiwe lile lilikuwa linakunywa jua asubuhi na kulitema mchana chini ya paneli, na mimi ndiye niliyeifunga fremu karibu hivyo. Homa niliyoihubiri niliisababisha mwenyewe. Mchana huohuo nikatafuta vyuma kwa fundi mitumbwi wa pale, tukaiinua fremu mpaka usawa wa kifua, upepo wa ziwa ukapata njia. Nikamweleza Bibi Nyamizi upya: "Mwanga ndio chakula chao. Mtoto akiwa na homa humnyimi chakula, unamfungulia dirisha." Safari hii nikamwomba anieleze na yeye. Akaeleza vizuri kuliko nilivyoeleza mimi. Fanyeni hivyo kila mnapomaliza kazi. Msiondoke mpaka mwenye nyumba awafundishe nyinyi.

Ikabaki fomu. Kampuni ilikuwa na fomu ya hitilafu, na ndani yake mahali pa kuandika chanzo. Bosi wangu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alinisubiri na kalamu. "Andika uzembe wa mtumiaji, tumalize. Paneli imefunikwa na nguo, Anasta, kuna la kujadili hapo?" Nilijua maana ya maneno hayo. Kampuni ingekuwa haina lawama. Kijiji kingeonekana hakiwezi kutunza friji, lingehamishwa kabla jua halijazama. Na Bibi Nyamizi kamati ingemwondoa. Nilijua pia nikiandika vingine itakuwaje kwangu, maana mikataba yetu ilikuwa ya mwaka mwaka.

Nikamkumbuka Mashauri juu ya paa la shule, akipaza sauti. Nikaandika: Fundi alitoa maelekezo nusu na kufunga fremu karibu mno na jiwe. Mtumiaji alifuata maelekezo. Nikasaini kwa jina langu kamili. Bosi alisoma, akavua miwani, akasema, "Utakaa stoo." Nikakaa stoo miezi minane, nikipanga skrubu kwa ukubwa. Mashauri alipopata habari alicheka hadi akakohoa, akaniletea redio ya kunichangamsha.

Afisa wa chanjo alikubali kungoja. Alisema ataisoma karatasi ya joto baada ya mwezi mmoja, na ndipo ataamua. Na mwezi wenyewe ulikuwa wa masika! Nilikuwa nampigia Skola kila siku asubuhi kutoka stoo. Nyuzi nne. Nyuzi tano. Kisha mawingu yakatanda, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kikomo cha chanjo ni nyuzi nane. Siku ya nne Skola akasema saba, kwa sauti ndogo. Nikauliza, "Bibi anafanya nini?" Akasema, "Amesimama nje na kitambaa. Kila tone la mvua likikauka anafuta alama yake." Siku ya tano jua likatoka kidogo kabla ya adhuhuri, na paneli, safi, zimeinuka, bila kivuli hata cha jani, zikalinyonya lote. Jioni Skola akanitumia ujumbe wenye namba moja tu, sita, nami nikapiga kelele stoo nzima hadi mlinzi akaja.

Siku ya afisa nilivuka kwa ruhusa yangu mwenyewe, si ya kampuni. Ilikuwa siku ya kliniki, akina mama wamejaa kwenye mabenchi na watoto wao. Afisa aliisoma karatasi mstari kwa mstari, akaenda nyuma kutazama paneli, akarudi. "Libaki," akasema, akasaini, akaomba maji ya kunywa. Hivyo tu. Mtu mwingine angedhani hakuna kilichotokea.

Mama wa kwanza kwenye mstari alikuwa binti mdogo, uzazi wa kwanza, anaogopa sindano kuliko mtoto. Akageuza uso na kumsogeza mtoto kwa yeyote atakayempokea. Aliyempokea ni Bibi Nyamizi. Akampakata, akamshika mkono imara kama Skola alivyomwelekeza. Skola akafungua friji, akatoa chanjo ya surua, akachoma. Mtoto akatoa yowe, na mabenchi yote yakacheka.

Bibi Nyamizi hakucheka. Alikuwa anamtazama yule mtoto usoni, machozi yanamshuka, na anatabasamu.

"Lia, mjukuu wangu," akamwambia. "Lia sana. Kulwa wangu na Doto wangu, mapacha, walichukuliwa na surua, wiki moja. Hawakupata hata sindano ya kuwaliza."

Hakuna aliyekuwa anajua, hata Skola.  Mimi nikainama kwenye friji, nikajifanya nasoma kipimajoto. Sikuona namba hata moja.